Kula au kura: jaribio la usikivu lililowapima watu kitu kingine

Mwanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja cha Dodoma amerudi kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino akiwa na majibu 2,880 kwenye jedwali, na sentensi moja ambayo tayari ameiandika katika sura ya nne ya tasnifu yake: wazungumzaji wa Kigogo hawatofautishi l na r za Kiswahili wanaposikiliza. Msimamizi anasoma sentensi hiyo, anaomba jedwali lote badala ya wastani, na wiki moja baadaye sentensi inafutwa.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, na namba za wasikilizaji ni za mfano. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yale yanayotokea kila msimu wa tasnifu, na hesabu zake msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe. Data hazikuwa mbovu zote. Sentensi ndiyo iliyokuwa mbovu.

Jaribio lilivyokuwa

Hoja ya kuanzia ilikuwa na mashiko. Kigogo, katika maneno yake ya asili, kina kitambaza l bila kimadende r cha kushindana nacho, na sikio la binadamu hupangwa mapema na lugha ya nyumbani. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984, huko Kanada, kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliokuzwa katika Kiingereza walitofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wenzao wa miezi 10 hadi 12 walikuwa wameacha kuzitofautisha. Kisa maarufu zaidi ni cha Wajapani na l na r za Kiingereza, kinachoandikwa tangu miaka ya 1970. Catherine Best alikipa maelezo mazuri: shida haiji kwa sababu sauti ni ngeni, inakuja pale sauti mbili ngeni zinapoingia katika droo moja ya lugha yako. Ndiyo maana yeye na wenzake, mwaka 1988, waliwakuta wasikilizaji wa Kiingereza wakitofautisha vidoko vya Kizulu, yaani konsonanti za kudokoa kwa ulimi, vizuri tu, ingawa hawajawahi kuvisikia. Vidoko havikuwa na droo ya kuingia. Mtu wa Dodoma mjini anayefika Chemba na kusikia Kisandawe, lugha yenye vidoko, kwa mara ya kwanza yuko katika hali hiyo hiyo: hajui maana ya kidoko hata kimoja, lakini anasikia wazi kwamba hiki si kile.

Mwanafunzi alichagua jozi sita: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu, fahali na fahari, hali na hari, mbali na mbari. Kila neno lilichezwa mara 10, jumla 120 kwa kila msikilizaji. Wasikilizaji 12 walitoka kijijini na 12 mjini. Maneno mawili yanaonekana kwenye kioo cha kompyuta, sauti inatoka kwenye hedifoni, msikilizaji anabonyeza neno alilosikia. Kundi la kijijini lilipata asilimia 71, la mjini 94. Hapo ndipo sentensi ilipozaliwa.

Kabla hata ya kufika kwenye sauti, makundi yenyewe hayalingani. Wa kijijini wana wastani wa umri wa miaka 52. Wa mjini ni wanafunzi wa miaka 22. Hakuna aliyepimwa masikio. Hakuna jozi ya kudhibiti, yaani jozi ambayo kila mtu anapaswa kuipata, kama meno na neno au pata na bata. Bila jozi ya namna hiyo, mtu aliyechoka, asiyezoea kubonyeza kompyuta au asiyesoma haraka anaingia kwenye jedwali kama mtu asiyesikia r. Kumwonyesha mtu maandishi ni kumpima kusoma na kusikia kwa pamoja. Picha ya sanduku la kura na ya sahani ya ugali zingetosha.

Asilimia 75 mbili zisizofanana

Sasa tufungue jedwali. Msikilizaji namba 7 na msikilizaji namba 12, wote wa kijijini, wamepata 90 kati ya 120. Asilimia 75 kila mmoja. Katika tasnifu ni watu wawili waliolingana.

Namba 12 alipata maneno ya l 45 kati ya 60, na ya r 45 kati ya 60. Namba 7 alipata ya l 57 kati ya 60, na ya r 33 tu. Wa kwanza anakosea pande zote mbili sawasawa. Wa pili anasema l kila anaposita.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili ni d′, kilichotoka kwenye nadharia ya ugunduzi wa ishara: kikiwa kikubwa, msikilizaji anazitenga sauti vizuri zaidi. Chukua r kuwa ndiyo inayotafutwa. Kwa namba 7, kiwango cha kuipata ni 33/60, yaani 0.55, kiwango cha kuisikia pasipokuwepo ni 3/60, yaani 0.05. Geuza kila kimoja kuwa alama z (umbali wake kutoka katikati ya mgawanyo wa kawaida; katika Excel ni fomula ya NORM.S.INV), kisha toa: 0.13 kutoa −1.64, unapata 1.77. Kwa namba 12 ni 0.75 na 0.25: 0.67 kutoa −0.67, unapata 1.35. Kwa hiyo namba 7 anasikia tofauti vizuri kuliko namba 12, na asilimia ilificha hilo kabisa. Mwegemeo wa namba 7, c, yaani kupendelea kwake jibu moja, ambao ni nusu ya jumla ya alama z mbili ukigeuza ishara, ni 0.76 upande wa l. Wa namba 12 ni sifuri.

Tahadhari moja ya kikokotoo: mtu akipata 60 kati ya 60, alama z haina mwisho na Excel itakurudishia kosa. Ongeza 0.5 kwenye idadi ya majibu na 1 kwenye jumla, kwa wote, si kwa huyo mmoja tu. 60 kati ya 60 inakuwa 60.5/61.

Mwegemeo haumaanishi udhaifu wa sikio. Una sababu zake, na sababu moja ilikuwa imelala ndani ya maneno yenyewe.

Neno likiishinda sauti

Ukigawa zile 33 za namba 7 kwa kila neno, yaani kati ya 10, picha inabadilika: kura 9, mahari 8, karamu 7, fahari 6, hari 2, mbari 1. Anayesikia r ya kura mara tisa kati ya kumi hawezi kuambiwa hasikii r. Kilichomkwamisha ni hari na mbari, maneno ambayo hayapiti midomoni mwa watu kila siku. Mbali ni neno la kila siku, mbari ni la kamusi na mashairi. Na yale makosa yake matatu ya upande wa l yote yako kwenye fahali, aliyoisikia kama fahari. Watu husema dume. Fahali ni neno la kitabuni. Kwa hiyo hapa r ilishinda, kwa sababu ile ile.

Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1980, William Ganong alipoonyesha kwamba sauti iliyo katikati ya d na t husikika kama d au t kulingana na ipi inaunda neno halisi. Ubongo hausubiri sauti iishe ndipo utafute neno. Unakisia, na unakisia kwa kuelekea lililozoeleka.

Katika mazungumzo ya baada ya jaribio, ambayo mwanafunzi aliyarekodi lakini hakuyaingiza kwenye uchambuzi, kuna sehemu hii:

– Mzee, hapo umesikia nini?
– Mbali.
– Na hapa?
– Mbali hiyo hiyo, mwanangu. Au ulitaka kusema mbari? Nani anasema mbari siku hizi? Sisi tunasema ukoo.

Mzee amelijua neno, amelitamka kwa r yake, ameeleza maana yake, na katika jedwali jibu lake limehesabiwa kosa. Tungemshauri mtafiti yeyote aanze na maongezi ya namna hii kabla ya kubuni jaribio. Dakika kumi zingeliondoa neno mbari kwenye orodha.

Kuna na aibu. Kuchanganya l na r ni jambo linalochekwa shuleni na kazini. Mtu mzima aliyewahi kuchekwa, akiwekwa mbele ya kijana wa chuo mwenye kompyuta, atachagua neno analoliamini zaidi. Wengine hupindukia upande wa pili, wakatia r kila mahali ili waonekane wanaijua. Vyote viwili huonekana kwenye c, wala si kwenye d′.

Kipimo kilichokopwa bila kuangalia sauti

Sura ya tatu ya tasnifu ilipima fomanti ya tatu, F3 (fomanti ni masafa ambayo mvumo wa kinywa huyapa nguvu), katikati ya kila l na r, ikakuta hazitofautiani, ikahitimisha kwamba tofauti yenyewe ni hafifu. Hapa ndipo kosa la kitaalamu lilipo, na ndilo lenye funzo kubwa kuliko mengine.

F3 ni kipimo cha Wajapani na Kiingereza. R ya Kiingereza cha Marekani hutamkwa bila ncha ya ulimi kugusa popote. Ulimi unajikunja au kujikusanya, na F3 inashuka hadi chini ya Hezi 2000, huku ya l ikibaki juu. R ya Kiswahili ni kitu kingine. Ncha ya ulimi inagonga ufizi mara moja na kuondoka, au inapiga mara mbili tatu kwa anayesisitiza. Mguso mmoja huchukua milisekunde 20 hadi 30 hivi. L inashika palepale penye ufizi, lakini hewa inapita pembeni mwa ulimi, na hukaa muda mrefu zaidi, milisekunde 50 hadi 80. Kinachotofautisha ni muda na kina cha mdidimio wa sauti.

Hata kama F3 ingekuwa na habari, isingepimika kwa njia aliyotumia. Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hupima fomanti kwa dirisha la milisekunde 25, na kwa namna inavyolikata, kipande kinachosomwa kwa kweli ni mara mbili ya hapo. Mguso wa milisekunde 25 ndani ya dirisha la 50 ni nusu yake tu. Anayeweka kishale cha kompyuta katikati ya r anasoma irabu za pande zote mbili. Mkondo wa ukubwa wa sauti una mtego huo huo: dirisha lake ni 3.2 ikigawanywa kwa kikomo cha chini cha kidatu (kimo cha sauti ya msemaji), kwa hiyo kikomo cha Hezi 100 kinaleta milisekunde 32, na mdidimio wa r unafukiwa. Njia salama ni spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, ya dirisha la milisekunde 5, uone kwa macho mahali fomanti zinapokatika na zinaporudi, uweke mipaka kwa mkono ukiangalia na mawimbi yenyewe. Kazi ni ya kuchosha. Kwa maneno 120, jiandae kwa siku mbili.

Rekodi nazo zilikuwa na yake. Mwanafunzi alisoma maneno mwenyewe, kwa simu, kwa jozi: kula, kura, hali, hari. Neno la pili la kila jozi lilishuka kidatu kama watu wanavyoshusha mwisho wa orodha, na neno la pili daima lilikuwa la r. Yaani msikilizaji mwerevu angeweza kupata majibu kwa kusikiliza kiimbo tu. Huenda sehemu ya ile asilimia 94 ya mjini ilitoka huko. Kisha faili zilisafirishwa kwenda kwenye kompyuta kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaobana sauti kabla ya kuituma. Hedifoni zilikuwa za Bluetooth, zinazochelewesha sauti kwa kiasi kinachoweza kuzidi milisekunde 150, na kwa hiyo safu nzima ya muda wa kujibu haina kazi.

Kurudia upya

Duru ya pili inahitaji wiki tatu na vifaa vichache. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Anza nayo mapema, ndiyo inayochelewesha kuliko kompyuta.

Wasomaji wa maneno wawe wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, ili msikilizaji asikariri sauti ya mtu mmoja. Kila neno liwe ndani ya sentensi moja isiyobadilika, sema ___ tena, na mpangilio uchanganywe. Rekodi kwa WAV, kilohezi 44.1, biti 16, kipaza sauti kikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Mshale wa kiwango usiguse juu. Mawimbi yaliyokatwa vichwa hayatengenezeki. Neno liwe juu ya kelele za chumba kwa angalau desibeli 30.

Kelele za chumba ndizo shida ya Dodoma. Darasa la mabati wakati wa kiangazi lina upepo unaotikisa paa, na bati likipata joto hulia lenyewe. Kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi wa irabu ndio unaofukia mguso wa milisekunde 25. Kama kijijini bado kuna nyumba ya tembe, omba humo. Paa la udongo halilii, kuta ni nene, madirisha ni madogo. Tundika mablanketi mawili nyuma ya msomaji. La sivyo ghala lenye magunia ya mtama hufanya kazi nzuri ajabu, maana magunia hunywa sauti.

Wasikilizaji wa makundi mawili walingane umri na elimu kadiri inavyowezekana. Kila mmoja apimwe masikio kwa Hezi 500, 1000, 2000 na 4000. Hedifoni ziwe za waya. Jaribio liwe la aina mbili. La kwanza ni la sauti tatu: ya kati inafanana na ya kwanza au ya mwisho? Kila sauti itoke kwa msomaji tofauti, na nafasi kati ya moja na nyingine isiwe chini ya milisekunde 1000. Ukiweka 250, watu hulinganisha mwangwi uliobaki kichwani badala ya kulinganisha l na r, na kila mtu ataonekana hodari.

La pili linaondoa kamusi kabisa. Chukua neno lisilokuwepo, mebala na mebara, lipe kila moja picha ya kitu kisichojulikana, wafundishe watu dakika tano. Kisha tengeneza ngazi ya hatua saba kutoka l moja ya asili: kwenye Praat, kata au rudufu vipindi vya mawimbi, daima ukikata pale wimbi linapovuka sifuri, hadi upate milisekunde 80, 70, 60, 50, 40, 30 na 20, huku mdidimio ukizidishwa hatua kwa hatua. Ukikata pasipo sifuri utasikika mlio wa tik, na watu watajibu mlio huo.

Katika kisa chetu, duru hii inampandisha namba 7 hadi d′ ya 3.1, karibu na watu wa mjini wa umri wake. Namba 12 anabaki kwenye 1.3. Meno na neno anazipata zote. Masikio yake yamepungua kwenye Hezi 4000, lakini habari ya l na r iko chini ya hapo. Huyu ndiye mtu halisi wa dhana ya awali, na kati ya kumi na wawili walipatikana wanne wa aina yake.

Kinywa cha namba 12

Namba 12 ni mama wa miaka 58, na matamshi yake yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu majaji wawili waliosikiliza rekodi zake 20 za hari waliandika l katika 17. Majaji walikubaliana sana: kappa yao, kipimo cha makubaliano, ilikuwa juu. Lakini wote wawili wamekulia katika Kiswahili, na sikio la namna hiyo husukuma kila kitu upande mmoja au mwingine. Sauti iliyo katikati haina kisanduku kwenye fomu.

Alama ya ulimi kwenye kaakaa hupatikana bila mashine ghali. Mwanafonetiki Peter Ladefoged aliitumia njia hii sana uwandani: mkaa wa dawa wa kununua famasi (usitumie wa jikoni) na mafuta ya kula, kiasi sawa, ukorogwe uwe rojo, upakwe kwenye ncha na kingo za ulimi kwa brashi safi. Mtu anasema neno mara moja tu, hamezi mate, anafungua kinywa, kioo kidogo kinaingizwa na picha inapigwa. Penye weusi kwenye kaakaa ndipo ulimi ulipogusa. Mate yakiwa mengi picha huharibika, hivyo kausha kaakaa kwa tishu kwanza. Maneno yasiwe na konsonanti nyingine ya ncha ya ulimi, na hapa orodha ya mwanafunzi ilikuwa na bahati: hali, hari, mbali na mbari hazina hata moja. Kula na kura zina k, inayoweza kuacha weusi nyuma.

Picha za mama huyu za hali na hari zinafanana karibu kabisa: ukanda mweusi ufizini, pembeni peupe upande mmoja. Anatamka zote mbili kwa hewa ya pembeni. Kwenye spektrogramu, hata hivyo, l zake zina wastani wa milisekunde 46 na r zake 33, na tofauti hiyo inajirudia katika rekodi zake zote. Anaitenga r kwa muda. Mpaka wake upo, ila uko mahali ambapo majaji wa mjini hawasikii.

Sentensi mpya ya sura ya nne ikaandikwa kwa namba: wanane kati ya kumi na wawili wanatofautisha wakiondolewa mzigo wa maneno adimu, wanne kwa udhaifu, na matamshi ya mmoja wao yana tofauti ya muda isiyosikika kwa majaji. Jaribio ambalo mwanafunzi bado hajalifanya ni kuwachezea majirani wa mama huyu zile rekodi 20 za hari, pamoja na 20 za hali, aone kama wao wanazitenga.